Hodi Kila Sekunde

Watu wa Kuze wakiniuliza kazi yangu
nilisema: naandika.
Vitabu? La. Barua? La.
Naandikia mizani, lifti, pampu za maji,
vitu visivyosoma wala kusifu.

Nilianza na chipu ya baiti mia na ishirini na nane.
Kumbukumbu yote ile haitoshi kuweka
majina ya jirani zangu toka msikitini hadi kwa muuza kahawa.
Nikajifunza ubahili:
biti moja ya taa, biti moja ya kengele,
namba moja ikiondoka, nyingine inalazwa palepale,
kama tulivyolelewa, ndugu saba, mkeka mmoja.

Marehemu Mwanakombo alizoea harufu ya lehemu
hata kwenye mkate wa sinia.
"Wenzio waleta samaki," akisema,
"wewe waniletea waya."

Mwaka ule wa mgomo, bandari ilipofunguliwa,
malori yalipanga foleni toka Kilindini hadi Changamwe,
na mizani yangu ikayahesabu bila kuchoka.
Mia mbili hamsini na tatu. Na nne. Na tano.
Kisha sufuri.

Baiti moja haina nafasi zaidi ya hapo;
hurudi mwanzo kana kwamba hakujakucha.
Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza.
Nikasema moyoni: nani atapima malori mengi hivyo kwa siku?

Lori la sukari likapita halina namba.
Karani Mwachiro, wa zamu ya usiku, akaulizwa: liko wapi?
Akalala kituoni Makupa siku mbili,
viatu kavuliwa, mkanda kavuliwa,
suruali kaishika kwa mkono.

Nilikwenda na karatasi zangu kwa inspekta.
Akanitazama kama mtu anayeuziwa upepo.
Nikaokota vifuniko vinane vya soda,
nikavipanga mezani, nikavigeuza: kifudifudi, chali, kifudifudi,
hadi vyote vikawa chali.
"Haya, ongeza kimoja," nikamwambia.
Hakukuwa na cha kuongeza. Nikavifudikiza vyote.
Akanyamaza. Kisha: "Basi mwizi ni wewe."
"Ni mimi," nikasema.

Mwachiro alitoka. Hakunipa mkono.
Miaka mitatu hakunipa mkono,
na sikumlaumu.

Siku hizi nimestaafu. Vidole vinatetemeka,
na ncha ya chuma cha kulehemu naiona mbili.
Nafufua redio za mbao, kwa ajili ya mlio tu,
ule mkwaruzo kabla ya mtu kusema.
Mjukuu wangu nimemfundisha kuhesabu kwa vidole kumi
hadi elfu moja na ishirini na tatu;
mwalimu wake akamwambia aache utundu.

Kila chombo nilichokiandikia nilikiwekea mlinzi,
saa ndogo isiyomwamini mtu.
Programu lazima ibishe hodi kila sekunde.
Ikinyamaza, mlinzi haulizi kulikoni:
huizima, huiwasha, mambo yaanze upya.
Wateja hawakujua kama yupo.

Tangu Mwanakombo aende, simu yangu huita alfajiri,
mara moja, ikakatika.
Ni Mwachiro, kutoka Mtongwe.
Nami humbipu. Hatuzungumzi;
hatujawahi kukubaliana lolote kuhusu jambo hili.

Jana nilijisahau na redio, kifuniko wazi,
skrubu zimenijaa kinywani.
Saa tatu kasoro, mlango ukapigwa kama wa mdaiwa:
"Fundi Bwanakheri! Umerudi sufuri?"

Nikafungua. Mzee mzima kavuka feri na kandambili,
kandambili zenyewe si za jozi moja,
mkanda kausahau nyumbani kwa haraka,
mkono mmoja umebisha,
wa pili umeshika suruali.

Sote wawili tuliutazama mkono ule.

Nikaingia ndani kumtafutia kamba.
Nyumba nzima, nilipata waya.